Kile Chuma Kinaenda Wapi? Swali la Susu Ambalo Wakubwa Walilikwepa

Wacha niseme mapema ndiyo usisome hadi chini ukitafuta siri: kuna sindano za mifugo zilizo na metali ndani. Huo si uvumi. Imeandikwa kwenye karatasi inayokuja na chupa, kwa herufi ndogo ambazo hata mimi na macho yangu ya ujana nahitaji tochi. Na hiyo haimaanishi ng'ombe anawekewa sumu. Hayo maneno mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Shida yetu ni kwamba kila upande umeshika neno moja na kutupa lile lingine.

Turudi nyuma kidogo. Mwisho wa 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuchanja ng'ombe milioni 22, na mbuzi na kondoo milioni 50, kwa muda wa miaka mitatu. Ng'ombe wachanjwe dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo, mbuzi na kondoo dhidi ya ile sotoka yao ambayo madaktari wanaiita PPR. Kabla hata chupa moja ifunguliwe, simu zetu zilikuwa zimejaa. Ati chanjo ni ya Bill Gates. Ati inazuia ng'ombe kujamba. Ati ina chembe za nano za chuma ambazo zitaingia kwa maziwa, halafu kwako, halafu hutazaa. Wanasiasa wakapanda majukwaani, Rais William Ruto akawajibu kwa maneno makali, wizara ikasema chanjo inatengenezwa hapa hapa Kenya na KEVEVAPI, na kesi ikafika mahakamani.

Hiyo ya kujamba, kwa wale bado wanauliza, ina mzizi mahali. Kuna kampuni ya Marekani inaitwa ArkeaBio inayotafuta chanjo ya kupunguza gesi ya metheni kwa ng'ombe. Mwaka wa 2024 ilichangisha dola milioni 26.5, na walioongoza kutoa pesa ni Breakthrough Energy Ventures, mfuko alioanzisha Bill Gates. Lakini hiyo ni chanjo nyingine, na bado ni ya utafiti. Hii ya miguu na midomo imekuwa ikidungwa ng'ombe wa Kenya kwa miongo mingi. Halafu, kwa taarifa yako, gesi nyingi ya ng'ombe hutoka kwa kucheua, mdomoni. Hata uvumi wenyewe ulikosea upande wa ng'ombe.

Ile ya metali ndiyo ilinikalisha chini. Sababu ni susu.

Susu yangu anaishi upande wa Mwala. Ana ng'ombe wanne na mbuzi kadhaa. Maziwa ndiyo yanalipa karo ya binamu yangu, yananunua unga, na yananunua hata bando ambayo mimi naomba nikiishiwa huku mjini. Mjomba alimtumia sauti kwenye WhatsApp, mtu anaongea kama daktari, anasema chembe za chuma zikiingia kwa mnyama hazitoki milele. Susu akanipigia. Hakunipigia kelele, hakusema ni Illuminati. Aliuliza tu: "Mwana wakwa, wewe umesoma. Hicho chuma kikishaingia, kinaenda wapi?"

Manze, hilo swali ni kali. Ndilo swali ambalo watu wa maabara hulipwa kujibu. Mimi nasomea biashara, sikusomea ng'ombe. Lakini kusoma najua, na nilikuwa na wiki mbili za likizo.

Tuanze na hilo neno nano, maana limegeuzwa zimwi. Nanometa ni kipimo cha urefu. Unywele wako mmoja una unene wa kama nanometa 80,000. Kitu kikiitwa chembe ya nano, maana yake ni kidogo sana, kwa kawaida chini ya nanometa 100. Haisemi kimetengenezwa na nini, na haisemi kama ni kizuri au kibaya. Moshi wa kuni jikoni kwa susu una chembe za ukubwa huo. Hata chanjo za Korona za Pfizer na Moderna zilikuwa na chembe za nano, lakini za mafuta, si za metali. Kwa hivyo ukisikia mtu anatisha watu na neno nano peke yake, muulize: nano ya nini?

Sasa twende kwa chuma chenyewe, kwa sababu hapa kuna kitu wengi hawajui. Rafiki yangu anafuga nguruwe upande wa Kyumbi. Kila mtoto wa nguruwe akizaliwa, ndani ya siku chache anadungwa sindano ya maji meusi-meusi kama kahawa. Hiyo ni ayoni, madini ya chuma yaliyofungwa kwenye sukari inayoitwa dekstrani. Na ukiiangalia kwa hadubini kali, ni nini? Ni chembe za nano. Kiini cha chuma cha nanometa chache, kimevikwa koti la sukari. Hiyo sindano imetumika dunia nzima tangu miaka ya 1950, na hakuna mtu amewahi kufanya maandamano.

Kwa nini anadungwa? Hesabu yake ni rahisi. Mtoto wa nguruwe huzaliwa na akiba ya chuma ya karibu miligramu 50. Kwa siku anahitaji kama miligramu 7, sababu anakua kama mtu anafukuzwa. Maziwa ya mama yanampa kama 1. Ndani ya wiki moja hivi akiba imeisha, damu inakuwa nyepesi, anakuwa mweupe, anahema, anakufa. Huko porini angekula udongo apate chuma. Kwenye banda la simiti, udongo hakuna. Kwa hivyo anadungwa miligramu 200 na mambo yanakuwa sawa.

Na zile chembe zinaenda wapi? Hapa tunaanza kumjibu susu. Mwilini kuna seli kubwa ambazo kazi yao ni kumeza takataka na wageni. Wanasayansi wanaziita makrofeji. Hebu zifikirie kama wale watu wa kanjo, lakini hawa wanafanya kazi usiku pia. Zinameza ile chembe, zinapasua koti la sukari, zinatoa chuma kidogo kidogo, damu inakibeba hadi kwenye uboho wa mifupa, kinatengeneza damu mpya. Kinachobaki kinawekwa kwa ini na wengu kama akiba. Yaani kile chuma hakikukaa tu, kilipewa kazi.

Lakini sitakuficha upande wa pili. Ukidunga ayoni kwenye paja, nyama ya hapo inaweza kubaki na doa la kahawia, ndiyo maana wafugaji wanaambiwa wadunge shingoni. Ukizidisha kipimo, inaua. Na ikiwa mama nguruwe alikosa vitamini E na seleniamu, hata kipimo cha kawaida kinaweza kuua watoto, kwa sababu chuma kikiwa huru kinaunguza seli. Kwa hivyo dawa ni ile ile, metali ni ile ile, na matokeo yanabadilika kulingana na kiasi, mahali, na hali ya mnyama.

Haya. Chanjo ya ng'ombe je? Chanjo nyingi za miguu na midomo duniani huchanganywa na mafuta, au na jeli ya alumini pamoja na saponini. Alumini hiyo si chembe zilizotapakaa kama vumbi. Ni jeli yenye chembe ndogo sana zilizoshikana kuwa mabonge. Kazi yake ni kuamsha kinga. Virusi vilivyouawa peke yake mwili unaweza kuvipuuza. Ukiviweka na alumini, pale mahali panauma kidogo, panavimba, zile seli za kanjo zinakuja mbio kuona kuna nini, zinameza, zinapeleka habari kwenye tezi. Hii mbinu si ya jana. Mwingereza Alexander Glenny aliigundua mwaka wa 1926. Imepita miaka karibu mia moja.

Na kwa mbuzi wa susu? Chanjo ya PPR ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa. Haihitaji alumini kabisa. Kwa hivyo ile sauti ya WhatsApp iliyosema "mifugo yote itawekewa chuma" ilikosea zaidi ya nusu ya mifugo kabla hatujaanza kubishana.

Sasa kuna jibu ambalo watu wa upande wa serikali walipenda kutoa: "Alumini iko kwa sufuria yako, mbona hulii?" Mimi hilo jibu silipendi. Ukila alumini, tumbo linaruhusu chini ya asilimia moja ipite kwenda kwa damu, iliyobaki unaiacha chooni. Ukidungwa, umeruka lango. Yote iko ndani na lazima mwili uishughulikie. Kwa hivyo kulinganisha sufuria na sindano ni kumdanganya mama wa watu, na akigundua umemdanganya kwa kitu kidogo, hata kile kikubwa cha ukweli hatakusikiliza.

Jibu la kweli linaanza na sungura. Mwaka wa 1997 watafiti wa Marekani walidunga sungura alumini ya aina ile ya chanjo, lakini iliyowekwa alama ili waweze kuifuata. Baada ya siku 28, kwa aina moja asilimia 17 ilikuwa imeyeyuka na kuingia kwa damu, kwa ile nyingine asilimia 51. Na ikiingia kwa damu, figo huanza kuitoa kwa mkojo. Kwa hivyo yule mtu wa sauti aliyesema haitoki milele alikosea. Lakini pia ona: mwezi mzima umeisha na sehemu kubwa ya ile aina ya kwanza bado iko palepale kwenye msuli. Inatoka polepole. Na sungura wenyewe walikuwa wachache, si kundi.

Halafu kuna kondoo wa Hispania. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Zaragoza waligawa wanakondoo makundi matatu: wengine wakapewa chanjo zenye alumini, wengine alumini bila chanjo, wengine maji ya chumvi tu. Walirudia sindano mara nyingi kwa zaidi ya mwaka mmoja, mara nyingi kuliko mkulima wa kawaida angefanya. Waliodungwa alumini, karibu wote walipata vinundu chini ya ngozi pale sindano ilipoingia. Wale wa maji ya chumvi hawakupata. Na ndani ya vile vinundu kulikuwa na zile seli za kanjo zimejaa alumini, na nyingine ilikuwa imefika kwenye tezi za jirani. Vinundu hivyo vinaitwa granuloma. Ni mwili kusema: hiki siwezi kukimaliza haraka, wacha nikizungushie ukuta.

Na paka. Mwaka wa 1991 madaktari wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliandika kwamba wanaona saratani za paka zikiota pale walipodungwa chanjo, na kwenye baadhi ya uvimbe walikuta alumini. Ni nadra, makadirio mengi yanasema kati ya paka 1 na 10 kwa kila 10,000. Wanaamini shida ni uvimbe wa muda mrefu, na paka wana hulka hiyo kuliko wanyama wengine. Madaktari walifanya nini? Hawakuacha kuchanja, kwa sababu kichaa cha mbwa na magonjwa mengine yangeua wengi zaidi. Walibadilisha mahali pa kudunga, wakaanza kuandika kila sindano imeingia wapi, na chanjo zisizo na alumini zikatengenezwa. Hivyo ndivyo watu wazima hushughulikia hatari. Wanaitaja, wanaipima, wanaipunguza.

Nikiwa hapo nikasoma pia kuhusu dhahabu, ile ya nano ambayo watafiti wanataka kutumia kupigana na saratani. Mwaka wa 2004 panya wenye uvimbe walidungwa chembe za dhahabu za nanometa 1.9 halafu wakapigwa mionzi. Baada ya mwaka, asilimia 86 walikuwa hai, na wale wa mionzi peke yake walikuwa asilimia 20. Chembe ndogo kiasi hicho hupita kwenye figo na kutoka. Lakini watafiti wengine walidunga panya dhahabu ya nanometa 40, na baada ya miezi sita ini lilikuwa bado linashikilia karibu yote. Dhahabu ni ile ile. Ukubwa ndio umetofautiana, na safari ikatofautiana.

Kwa hivyo susu, jibu langu ni hili: inategemea ni chuma gani, ni kikubwa kiasi gani, ni kingi kiasi gani, na kimedungwa wapi. Chuma cha nguruwe kinageuka damu. Alumini ya ng'ombe inakaa pale shingoni, inayeyuka polepole, inatoka kwa mkojo, na inaweza kuacha kinundu.

Nikamwambia hivyo kwa simu. Akanyamaza, halafu akauliza, "Na wasipodungwa?"

Hapo sikuhitaji kusoma. Nilipokuwa kidato cha pili, miguu na midomo iliingia kijijini. Ng'ombe wanatoa mate kama sabuni, vidonda kwenye ulimi, kwenye kwato, kwenye chuchu. Hawawezi kula, hawawezi kutembea, na ukimkama anakupiga teke kwa uchungu. Ng'ombe mzima mara nyingi hupona, lakini ndama hufa ghafla kwa sababu virusi hushika moyo. Susu alipoteza ndama wawili. Soko la mifugo likafungwa kwa karantini, kwa hivyo hata yule ambaye hakuugua hangeweza kuuzwa. Binamu alikaa nyumbani muhula mzima. Huyo virusi hapa Kenya ana aina nne zinazozunguka, O, A, SAT 1 na SAT 2, na kinga ya chanjo hudumu kama miezi sita tu, ndiyo maana unarudia. Hiyo ndiyo bei ya upande wa pili wa mizani. Mtu wa sauti ya WhatsApp hakuitaja kwa sababu si yeye anaamka saa kumi na moja kukama.

Na kama unadhani chanjo za mifugo ni kitu cha wageni kutufanyia majaribio, soma kuhusu sotoka ya ng'ombe. Ile chanjo iliyoimaliza ilitengenezwa Muguga, hapa Kenya, na Walter Plowright na wenzake. Mara ya mwisho ugonjwa huo kuonekana duniani ilikuwa 2001, kwa nyati wa Mbuga ya Meru. Mwaka wa 2011 dunia ikatangaza sotoka imeisha. Ni ugonjwa wa pili katika historia kuangamizwa kabisa, baada ya ndui. Sisi ndio tulikuwa uwanja wa mechi, na tulishinda.

Lakini historia nzuri haikupi ruhusa ya kumtukana mkulima wa leo. Hapa ndipo nawalaumu wakubwa. Mtu akiuliza "ndani kuna nini?" ukimjibu kwa matusi, umemkabidhi kwa yule wa sauti ya WhatsApp, kwa sababu yule angalau alimwongelesha dakika tisa. Susu hakutaka hotuba. Alitaka karatasi kwa Kikamba au Kiswahili inayosema: ndani kuna hiki, dunga hapa, uvimbe wa ukubwa huu ni kawaida, ukizidi huu pigia huyu. Ni ukurasa mmoja tu.

Miezi baadaye daktari wa mifugo alipita kijijini kwa ile chanjo ya kawaida. Susu alikuwa amejiandaa kama mtu wa KCSE. Akamuuliza ni aina gani za virusi ziko ndani. Akamuuliza kama ni ya mafuta au ya alumini. Akamwambia adunge shingoni, si pajani, kwa sababu "hapo nyuma ndipo nyama". Yule ng'ombe aliyekuwa karibu kuzaa, wakakubaliana asubiri. Watatu wakachanjwa. Mmoja alivimba, kitu kama limau. Susu alikipima kwa kidole gumba kila Jumapili baada ya kanisa na kunitumia ripoti. Wiki ya tano kilikuwa kama punje ya haragwe. Daktari aliniambia kwa miaka yote hakuna mtu amewahi kumuuliza hayo maswali, na alifurahi.

Mimi sitakwambia uchanje ng'ombe wa nyanyako au usichanje. Hao si ng'ombe wangu. Ninachokataa ni hii tabia ya kuona ukiuliza kuhusu metali wewe ni mjinga, na ukichanja wewe umeuzwa. Ukitumiwa sauti nyingine, na utatumiwa, usiifute na usiisambaze kwanza. Uliza manne: ni metali gani, kiasi gani, imedungwa wapi, na nisipodunga nini kitatokea? Mtu akishindwa kujibu hata moja, awe ni mwanasiasa, awe ni mimi, mwambie arudi asome.